Medali Tuliyoinywa

Medali ya baba yangu, ile ya utumishi wa angani, ilifika Itebero kwa pikipiki. Ilikuwa imefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki kwa ajili ya mvua, na afisa aliyeileta alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Alituambia kwamba nusu ya njia alipanda pikipiki, na nusu nyingine pikipiki ilimpanda yeye. Hatukucheka kwa kuwa alikuwa mgeni wa serikali, ila nilimwona mama akigeuka kutazama kuku ambao hawakuwa wakifanya lolote.

Mimi nilikuwa nimetoka Mushaki, nilikoolewa na ninakofundisha shule ya msingi, nimekuja kwa wazazi kwa likizo. Baba alikuwa amekwisha kuacha jeshi zamani. Alikuwa na shamba la mihogo, mbuzi, na michikichi ambayo hakuikwea kamwe kukata mikungu ya ngazi. Alimpa kijana wa jirani kazi hiyo na yeye akabaki chini, akitoa maagizo akiwa ameshikilia shina kwa mikono miwili. Ndivyo alivyokuwa akiogopa kwenda juu, na ndiyo maana nasema kwamba mwenye kugawa heshima za dunia hii ana utani wake.

Ukitaka kuelewa alivyoipata, inabidi nianze na magunia ya maharagwe. Ujanani baba alikuwa askari wa kupakia mizigo kwenye uwanja wa ndege. Hakuwa rubani wala fundi, na hakuwahi kuomba kuwa mmoja wao. Mchana mmoja wa jua kali, baada ya sahani ya bugali ambayo mwenyewe bado huitaja kwa heshima, alijinyoosha juu ya magunia aliyokuwa ameyapanga ndani ya ndege, apumzike kidogo. Usingizi ukamchukua, na ndege ikamchukua pamoja na usingizi wake. Aliposhtuka walikuwa juu, na watu waliokuwa msituni walikuwa wanaipiga ndege risasi. Alichofanya, kwa maneno yake mwenyewe, ni kufumba macho tena. Ndege ilifika ikiwa na matundu na gurudumu moja lililokataa kutoka, ikalala kwa tumbo kwenye majani marefu. Hakufa mtu. Mkubwa mmoja akaja, akawapanga mstari wote waliotoka ndani, akatangaza kwamba kila mmoja atapewa medali ya anga. Baba alikuwa kwenye mstari, na hakuna aliyemuuliza kama alikuwa macho.

Baadaye wakubwa wakabadilika, na wengine wakabadilika juu yao, na medali ikazunguka ofisini mpaka mwenyewe akaota mvi. Hakuingoja. Tulipokuwa watoto alitusimulia kisa hicho tukimenya mihogo, na majirani walikuwa wanakuja kukisikiliza kwa sababu alijua kukoroma kwa namna tatu, kila moja kwa sehemu yake ya safari. Wazee kwa watoto, Itebero nzima ilijua kwamba baba yangu alivuka vita akiwa amelala.

Siku ya kumvisha tulikusanyika kwenye uwanja wa shule. Afisa alisoma hotuba kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, akasema kwamba huyu mzee alisimama imara angani mbele ya hatari, bila kupepesa jicho. Hapo alisema kweli, maana jicho lililofumbwa halipepesi. Akamchomeka medali kifuani, kitu kidogo chenye mabawa na utepe, na watu wakapiga makofi mpaka mbuzi wakakimbia. Ni walewale waliocheka mikoromo yake. Kuanzia siku hiyo hakuna hata mmoja aliyekumbuka usingizi. Sidhani kwamba walisahau. Nadhani walimhurumia afisa kwa safari yake, wakaona si vizuri arudi na tope bure.

Basi ikabaki kuinywa. Kwetu kitu kipya hakijawa chako mpaka kimenywewa. Baiskeli hunywewa, na mabati hunywewa, na diploma, na mtoto. Wageni hudhani ni ulafi tu, na sitakataa kwamba ulafi umo. Lakini kinywaji ni ushahidi. Aliyekunywa baiskeli yako amekubali kwamba ni yako na kwamba ni baiskeli, na siku yake ya shida anaweza kuja kuidai. Jirani mmoja alijaribu kuificha yake siku mwanamke alipotaka kupelekwa kujifungua, akaambiwa tu, "Ile kinga tulikunywa," yaani hiyo baiskeli. Aliitoa mwenyewe, na pampu juu.

Baba alivundika ndizi, akakamua, akatia unga wa mtama, na kasiksi ikachemka kwenye mitungi mpaka nyumba nzima ikanuka. Nyama ilitoka kwa mfanyabiashara mmoja mtu wa Butembo, Mkatoliki wa kila misa, aliyekuwa na duka la chumvi, sabuni na samaki wa kopo. Alileta mbuzi mzima, akasema ni heshima kwake kuishi kijiji kimoja na mtu wa ndege. Yeye mwenyewe alizijua ndege. Bidhaa zake zilikuja na zile ndogo zinazotua juu ya barabara, kwenye kile kipande cha lami, kisha zinaondoka zimebeba magunia ya mawe ya migodini. Ndege ikisikika, watu wanapiga filimbi, pikipiki na mbuzi wanaondolewa njiani, ndege inatua, kisha mbuzi wanarudi. Hatuoni ajabu yoyote.

Tulikunywa siku mbili. Baada ya hapo baba akawa Papa Pilote.

Mwanzoni alikuwa anaona haya. Lakini heshima ni kama godoro jipya, mgongo unalizoea upesi. Ndege ikipita juu ya mawingu watu walimgeukia, naye aliinua kidevu, akasikiliza, akasema, "Hiyo iko na moteri mbili." Nani angepinga? Mkuu wa shule alimwita aje kuwaeleza watoto mawingu. Nilikuwepo. Alisema kwamba mawingu ni baridi ndani na kwamba mtu hapaswi kuyaogopa, na nikamtazama mtu huyu ambaye hapandi hata kiti kubadilisha taa, nikauma ulimi. Kile kisa cha magunia hakukisimulia tena. Nilikikosa kuliko nilivyodhani, na nilimkasirikia kwa sababu hiyo. Tulikuwa na baba mchekeshaji, wakatuletea shujaa.

Likizo iliyofuata nilimkuta mama amekonda. Alisema ni tumbo, litapita. Halikupita. Jioni moja lilivimba na kuwa gumu, akaanza kutapika kila alichokunywa, na muuguzi wa kituo chetu alipomshika tu alinivuta pembeni.

"Matumbo yamefunga," akasema. "Lazima apasuliwe. Kesho, dada, si kesho kutwa."

Mvua ilikuwa imebeba daraja, na hospitali ya karibu ilikuwa ng'ambo. Ilibaki ndege. Yule mfanyabiashara alitafuta mtandao juu ya kilima, akarudi akisema kwamba mchana wa kesho ndege yake ingetua kwenye lami na kwenda Goma. Asubuhi na mapema tukamlaza mama kwenye kipoyi, vijana wanne wakaweka mabegani miti yake miwili, tukaanza kutembea. Baba alivaa koti lake lenye medali. Alilivaa kila alipokwenda mahali pazito, kwa hiyo hatukuona neno.

Nilichoona ni watu. Nilifikiri tungekuwa sisi, wabebaji na muuguzi. Lakini kila nilipogeuka mstari ulikuwa umeongezeka, wanaume waliotoka mashambani na majembe, wanawake na watoto mgongoni, mkuu wa shule na viatu vyake mkononi. Njia ilikuwa ya kuteleza na ya mbali, na hakuna aliyerudi. Nililia nikitembea. Nilijiambia kwamba watu wa Itebero, pamoja na maneno yao yote, wanampenda mama yangu.

Ndege ilikuwa imekwisha kutua. Rubani, mgeni mwenye shati jeupe lililochoka, alikuwa anahesabu magunia kwa macho. Alimwangalia mama, akamwangalia mfanyabiashara, akasema kwa Kifaransa kwamba anaweza kumlaza juu ya mzigo na kuchukua mtu mmoja wa kumsindikiza. Mmoja tu. Mzigo wa nguo za mama ulikuwa mkononi mwangu. Nikasogea mbele, maana nani mwingine? Najua Kifaransa, najua mji, na ndege haijawahi kunitia hofu.

Uso wa baba ulilegea kwa furaha hata nikamwonea aibu.

"Njo muzuri," akasema. "Huyu iko anajua kuongea na badokteri. Miye nitabakia na mbuzi."

"Mbuzi zitaangaliwa, Papa," akasema mfanyabiashara. Alisema kwa upole, kofia mkononi. "Unapanda weye."

"Ju ya nini miye?"

"Ju hii medaye tulikunywaka." Alionyesha kifua cha baba, kisha watu. "Miye nilitoa mbuzi. Hawa bote balikunywa. Tulikunywa medaye ya mutu wa ndege. Sasa ndege iko hapa, na bibi yako iko hapa. Tulikunywa nini?"

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kusema mbele yao wote: mlikunywa usingizi, na mnajua. Lakini kuna mambo ambayo mtoto hamsemei baba yake barabarani, na zaidi ya hapo nilitazama nyuso zao na nikaona kwamba hawakuwa wanamtania. Walikuwa wanangoja, kama walivyoingoja ile baiskeli.

Baba alisema mihogo yake ina magugu. Wakasema wataipalia. Akasema nyumba haina mtu. Wakasema watalala humo kwa zamu. Akasema hata yeye tumbo halimkai vizuri tangu asubuhi, na hilo niliamini, lakini mkuu wa shule akamjibu kwamba basi ni vizuri, anakwenda hospitali. Mama alikuwa amelala kwenye kipoyi, macho amefumba.

Hapo ndipo rubani alipoiona medali. Sijui kwao huko alijifunza nini, lakini alisimama wima juu ya ile lami, kati ya mbuzi na magunia, akampigia baba saluti. Kisha akashusha gunia moja la mawe karibu na mlango ili mwenzake wa anga akae vizuri. Umati ukatoa mguno wa kuridhika. Baba alirudisha saluti kwa sababu mkono wa askari hurudi wenyewe, na baada ya hapo hakukuwa na njia nyingine ila ile ya ngazi. Akafunga vifungo vya koti vyote, mpaka cha juu, akaingia.

Nilibaki na mbuzi. Nilisimama pale mpaka mlio ulipopotea, nikiwa na hasira ambayo sikujua niitupie wapi. Mama yangu alikuwa anakufa, na aliyepelekwa naye hakuwa yule anayeweza kumsaidia, alikuwa yule aliyewanywesha watu pombe. Nilisema hivyo kwa sauti. Mfanyabiashara alivaa kofia yake, akasema tuombe.

Siku iliyofuata alipanda tena kilima chake cha mtandao, akashuka akitabasamu. Walikuwa wamempasua, na alikuwa hai.

Shule zilikaribia kufunguliwa, watu wakatupa magogo mtoni mahali pa daraja, nami nikarudi Mushaki kwa pikipiki na kwa miguu, kupitia Kibua na Masisi. Wazazi walinikuta huko. Mfanyabiashara alikuwa amewatafutia nafasi kwenye ndege ya kurudi, lakini baba alikataa. Alisema si vizuri kuchosha rubani. Kwa hiyo walipanda gari kutoka Goma, wakalala kwangu ili mama apumzike kabla ya kipande kibaya cha safari.

Ukoo wa mume wangu ulikuja na maziwa na jibini kumsalimia mgonjwa, na kwa kweli kumsikiliza shujaa. Kwetu Mushaki ng'ombe ndiye cheo, lakini hata mwenye ng'ombe anataka kujua wanaonekanaje kutoka juu. Baba hakuwanyima. Alisema walipita juu ya milima ya Masisi kukiwa kweupe, akaona malisho yote na mifugo, akaona hata moshi wa nyumba hizi hizi. Akasema kulikuwa na upepo, lakini yeye na rubani walisaidiana. Wazee wakatikisa kichwa kwa heshima. Mama alikuwa anakunywa maziwa yake polepole.

Asubuhi wageni walipokuwa wamekwenda, tulikaa uani tukimenya viazi. Baba alikuwa kwenye jua, koti begani.

"Mama," nikauliza, "kweli Papa aliona ng'ombe?"

"Ng'ombe niliona miye," akasema. "Yeye alikuwa na kichwa ndani ya kitenge yangu toka ndege ilikimbia mpaka ilisimama."

Baba alisema kwamba kulikuwa na jua kali la machoni. Mama akaendelea kana kwamba ni mvua tu inanyesha jirani. Alisema baba, mlokole tangu ubatizo wake, aliita watakatifu wote wa Kikatoliki aliowahi kuwasikia dukani kwa mtu wa Butembo. Alitapika ndani ya kofia ya rubani, ambaye aliitoa kwa heshima. Walipotua, wauguzi walikuja na machela moja, na kwa jinsi rangi yake ilivyokuwa walimchukua baba.

"Balikuwa bameshafika naye ku mulango," mama akasema. "Niliita: batoto, mugonjwa njo miye. Huyo iko muzima, anaogopa tu."

Nilicheka mpaka kisu kikaanguka. Baba alicheka pia, mara ya kwanza tangu medali, na kwa muda mfupi nilikuwa na baba yangu wa zamani. Ndiyo maana nikathubutu kumuuliza. Nilimuuliza kama tungekuwa sisi watatu tu pale barabarani, bila watu, angepanda?

Alikuwa na njia nyingi za kunidanganya, na siku hizo alikuwa na mazoezi.

"Hapana," akasema. "Ningekutuma weye. Nilikuwa nishafurahi."

Niliumia, hata kama nilikuwa najua. Nilimtazama mama, nikitaka kufuta hilo neno kabla halijamfikia, lakini yeye alikuwa anachagua kiazi.

"Najua," akasema. "Unafikiri ile kijiji yote ilikuja kunibeba? Vijana wane balitosha. Nilituma muuguzi ku dukani usiku, aseme: leta kila mutu mwenye alikunywa."

Baba alimkodolea macho. Mimi nilikumbuka machozi yangu ya njiani na jinsi nilivyowasifu watu wa Itebero kwa upendo wao, na hasira yote ikarudi, sasa ikiwa na pa kwenda.

"Na miye?" nikasema. "Miye nilikuwa tayari, Mama. Mufuko ilikuwa mu mukono. Siogope ndege, siogope badokteri. Ungekufa juu kule na mutu mwenye kufunika kichwa. Ju ya nini haukunichukua miye?"

Mama aliweka kiazi kwenye maji. Alinyoosha mguu, kwa sababu mshono ulikuwa bado unamvuta, na alinijibu bila kuinua sauti, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unawekwa upande ule na si huu.

"Ju hauogope," akasema. "Na weye ningetulia. Ungenifunika, ungenishika mukono, ungeniambia nilale, na ningelala. Nilikuwa nimechoka, mutoto wangu. Haujue vile nilikuwa nimechoka. Lakini huyu, kila mara nilisema nifunge macho, alikuwa ananivuta kitenge: uko? uko? Nikasema niko. Sasa ningekufa mu ile ndege, nani angemushusha?"